Nyungunyungu Watatu wa Biliqo

Wenzangu wa darasa la ngumbaru, mliniona asubuhi ile nikipandishwa kwenye pikapu na leso mpya kichwani. Niliporudi mkaniuliza habari za safari, nikasema nzuri, nikafunga mdomo. Ninyi mnanijua. Mimi ni mtu wa kuhadithia harusi siku tatu na kutaja kila aliyekula. Mwalimu Rukia akaniambia, "Akko Dabo, kama haisemeki, iandike." Basi nimeandika. Yeye amenyoosha herufi pale nilipopindisha, lakini mambo yenyewe nilimkataza asiyaguse.

Sababu ya kuondoka ilikuwa Daktari Nkatha. Si daktari wa sindano. Ni mama wa Kimeru aliyepanga chumba kwa jirani yangu Mama Kawira, na kazi yake ni kusoma nyungunyungu, wale minyoo wa udongo wanaotokea mvua ikinyesha. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu mzima, amesoma hadi vitabu vikaisha, anachimbachimba katikati ya sukuma wiki ya Mama Kawira akihesabu minyoo. Lakini alinieleza vizuri, akiwa amekaa chini kwenye mkeka wangu. Alisema kuna watu wa kazi yake katika nchi nyingi. Kila mmoja anachimba kwao, anahesabu ni wangapi na ni wa aina gani, halafu hesabu zote zinakusanywa kwenye ramani moja ya dunia. Mahali wanapokaa nyungunyungu udongo unapumua, maji yanaingia, majani yanaota. Akanionyesha ile ramani kwenye simu. Kwingine kulikuwa na vidoti vingi kama ndui. Upande wetu, kutoka Isiolo kwenda kaskazini, palikuwa peupe.

"Huku hakuna minyoo?" nikauliza.

"Huku hakuna mtu aliyechimba, Akko." Akko ni bibi kwa Kiborana, neno hilo alilijua kabla hajamaliza wiki hapa mtaani kwetu Chechelesi. "Nataka kuchimba Biliqo. Lakini nikifika peke yangu na beleshi, watasema nini?"

Nilijua watasema nini. Mgeni akichimba shimo kwetu, ni mafuta anatafuta, ama anapima ardhi aiuze. Biliqo ndipo nilipozaliwa, na ndugu yangu mdogo Galgalo bado anakaa huko. Nkatha hakuhitaji miguu yangu, maana miguu yangu mnaijua. Alihitaji mtu ambaye akisema hawa ni watu wazuri, watu wanakubali. Na mimi nimeitwa kwenye mambo mengi kwa sababu hiyo. Watu wakibishana huyu ni mtoto wa nani, boma lile lilikuwa la nani, wanasema muulizeni Dabo, yeye hasahau jina na hasemi lisilokuwepo. Kwa hivyo nilifurahi kuombwa. Leo nikikumbuka furaha ile, uso unawaka.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, tulitoka Chechelesi. Tulikuwa wanne. Nkatha, na mume wake Muthomi, mwalimu wa chuo, mrefu mwenye miwani, aliyekuja kusaidia kuchimba. Dereva wetu alikuwa Ekai, Mturkana wa hapa hapa mjini. Mimi niliwekwa mbele karibu na dirisha, kwa heshima ya umri. Nyuma tulipakia mabeleshi mawili, turubai, jerikani za maji, unga wa haradali, katoni ya vichupa, na mchele na sukari ya wenyeji. Miguuni pangu palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Ndani yake kulikuwa na udongo mbichi wa bustani ya Mama Kawira na nyungunyungu kumi na wawili, hai.

"Hilo ni la kuonyesha tu," Nkatha aliniambia. "Nikisema nyungunyungu watu hawanielewi, kwa hivyo unawaonyesha. Lakini wasikaribie mashimo yetu hata kidogo. Hao ni wa mjini, walikuja na miche ya migomba kutoka mbali."

"Nimesikia," nikasema. Na nilisikia kweli. Mkumbuke hilo mkifika mbele.

Tulipopita Ngaremara jua lilikuwa limetoka, na Ekai, ambaye mdomo wake hauna breki, akaanza.

"Mwalimu, na wewe ni wa minyoo?"

"Mimi ni wa juu," Muthomi akasema, akionyesha mbinguni.

"Mchungaji?"

"Hapana. Nafanya hesabu za huko juu, kupita mawingu, kupita hewa yenyewe."

"Sasa mmoja anatafuta chini, mwingine anatafuta juu, na mimi niko katikati na tairi zimeisha. Mlikutana wapi nyinyi?"

"Kwenye foleni ya chakula," Nkatha akasema. "Huko kila mtu anatafuta kitu kimoja."

Nikamwuliza Muthomi kuna nini huko juu. Alieleza polepole, kama anayemwekea mtu ngazi. Alisema nafasi iliyo kati yetu na jua si tupu. Kuna kitu kama hewa iliyopashwa moto mpaka ikajaa umeme, wanaiita plazma, na jua linaimwaga bila kupumzika. Mara nyingi inatiririka kwa utulivu, halafu inafika mahali inavurugika ghafla, na ikivurugika sana hata mawasiliano ya huku chini yanaweza kusumbuka. Yeye hajawahi kuigusa. Anaiandika kwa hesabu ndani ya kompyuta, anaiacha iende, anaangalia ni lini itavurugika.

"Kama maziwa kwenye moto," nikasema. "Yametulia, yametulia, ukigeuka yamefura."

Akarekebisha miwani yake. "Akko, wanafunzi wangu wanachukua muhula mzima kufika hapo."

Hiyo ilinipanda kichwani. Nikaanza kusifu kwetu. Nikamwambia Nkatha asiwe na wasiwasi, Biliqo kila kitu kipo. Nikamwambia nilipokuwa msichana niliwaona hao nyungunyungu kwenye kona ya Ewaso Nyiro baada ya mvua, wamejinyoosha kwenye tope, warefu kama kamba ya kufungia ndama. Niliwaona kweli. Nilikuwa na rafiki yangu Tume Guyo na marehemu dada yangu Kabale, na Kabale alimtupia Tume mmoja shingoni. Lakini hiyo ilikuwa mvua ya zamani na mto wa zamani. Hilo sikulisema. Nilisema "wapo," kama mtu anayetoa habari za jana.

Mchana tulivuka daraja la Gotu, na alasiri tukafika Merti, vumbi likiwa hadi ndani ya masikio. Kibali cha kuchimba kilikuwa kinatolewa huko, ndiyo sababu tulianzia huko. Mzee wa ofisi aliuliza maswali yake yote kwangu, hakuna hata moja kwa Nkatha. Ni mafuta? Si mafuta. Ni ardhi? Si ardhi. Wewe Dabo binti Jillo unahakikisha? Nahakikisha. Basi andika jina lako hapa. Nikaandika, na mwandiko wangu mnaujua, herufi moja moja kama mbuzi wanaovuka barabara. Usiku huo nililala nikijiona mkubwa.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, tulikuwa Biliqo. Galgalo alisimama nje ya boma na kikoi safi na bakora yake. Salaam aleikum, waaleikum salaam, hali ya watoto, hali ya mifugo, mpaka tukamaliza watu wote, walio hai na waliokufa. Mvua ilikuwa imekosa na ng'ombe walikuwa mbali malishoni. Hata hivyo wageni hawajakaa sawa, akatoa gorfa, kile chombo chetu cha maziwa kinachofumwa kwa mizizi, kimejaa mpaka juu. Nkatha akanywa, Muthomi akanywa, Ekai akanywa mara mbili.

Hapa lazima nieleze kitu kwa ajili ya wale wa darasani ambao si Waborana. Kwetu gorfa hairudishwi tupu. Jirani akikuletea maziwa, unamrudishia chombo chake na kitu ndani, hata majani ya chai, hata sukari kijiko kimoja. Na mgeni haonyeshwi chombo kitupu. Mama yangu akisikia hatua za mgeni na gorfa haina kitu, alikuwa anaificha chini ya ngozi za kulalia. Nimekulia hapo. Sisemi hivi ili mniachilie. Nasema ili mjue mkono wangu ulitoka wapi.

Kopo la kuonyesha lilifanya kazi yake. Wazee na kina mama walikuja wakachungulia. Mmoja wao alikuwa Roba, jirani ya Galgalo, tuliyekua naye, mtu ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha.

"Dabo, mmetoka Isiolo na mafuta ya gari yote hayo kwa ajili ya hiki?"

"Ndiyo."

"Kinaliwa?"

"Hakiliwi."

"Basi kinakamuliwa."

Watu wakacheka. Nikawaambia hawa si watu wa mafuta wala wa ardhi, nawajua, wanakaa ukuta kwa ukuta na mimi. Hiyo ikatosha. Hakuna aliyeuliza tena.

Nkatha anapima mraba mdogo kwa kamba, upana kama wa sinia. Muthomi anachimba hadi kina cha goti. Udongo wote unamwagwa kwenye turubai na wanauvunja kwa vidole, bonge kwa bonge, hakuna kuharakisha. Wakimaliza wanamimina shimoni maji yenye haradali, yanawawasha walio chini zaidi mpaka wapande wenyewe. Wanangoja. Halafu wanaandika.

Shimo la kwanza lilikuwa chini ya migunga. Mchwa tu. La pili uwanjani, na hapo palikuwa pagumu kama sakafu ya duka. La tatu kwenye boma la zamani lenye samadi, wakatoka mbawakawa. La nne karibu na mto. Kila mara Nkatha alisema kwa sauti, "Sufuri," na Muthomi akaandika. Alisema bila huzuni yoyote, lakini mimi hilo sikulisikia. Kila sufuri niliisikia kama mtu anagonga gorfa tupu kwa kidole mbele ya mama yangu.

"Si dada yako amesema kila kitu kipo?" Roba akamwambia Galgalo.

Galgalo aliangalia chini, akaniambia mimi kwa sauti ndogo, "Mgeni ametoka mbali, na ardhi yetu imemnyima."

Shimo la tano niliwaelekeza mwenyewe, kwenye ile kona ya mto nilipowaona nikiwa msichana. Walikuwa wamevunja nusu ya udongo wakati adhana ya adhuhuri iliposikika. Galgalo, Roba na wengine wakaenda kuswali. Mke wa Galgalo alikuwa amepika wali, nikawasukuma Nkatha, Muthomi na Ekai waende kivulini wakale. Nikasema mimi nitalinda udongo mbuzi wasiuvuruge, nitaswali baadaye.

Nikabaki peke yangu. Kopo lilikuwa kando yangu chini ya leso. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri sana, lakini sikufikiri. Nilifungua kifuniko, nikatoa watatu walionona, nikachukua bonge ambalo halijavunjwa, nikalilowesha kwa maji ya jerikani, nikawafinyangia ndani. Nikalirudisha kwenye rundo. Halafu nikatawadha kwa maji ya jerikani ile ile, nikaswali pale pale. Niliswali, wenzangu. Hapo ndipo panaponichoma zaidi.

Saa nane walirudi. Nkatha aliendelea kuvunja kutoka alipoachia. Alipofika kwenye lile bonge likafunguka mkononi mwake. Halafu akasema polepole, "Muthomi. Njoo."

Walikuwa watatu kwenye kiganja chake. Akaonyesha mmoja aliyekuwa na mkanda mwilini, akasema huyo amekomaa, anaweza kutambulika ni wa aina gani. Wazee wakasogea. Kisha Nkatha akakunja uso.

"Udongo mkavu namna hii, na wao laini namna hii." Akanigeukia. "Akko, wewe ulikuwa hapa. Kuna mtu aligusa udongo?"

"Hakuna."

"Wewe?"

"Mimi nimekaa tu. Niliona bonge linatingishika. Wamo humo wenyewe."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Uso wake ukafunguka. "Basi. Kama Akko ameona, ameona."

Galgalo alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alichinja mbuzi, katika ukame ule. Roba akabaki kutikisa kichwa. Nkatha akawatia wale watatu kwenye kichupa cha spiriti, akaandika lebo kwa penseli, akanisomea: Biliqo, shimo la tano, kona ya mto, watatu, shahidi Dabo Jillo.

"Nimeweka jina lako," akasema. "Hii chupa itakaa miaka mingi, hata mimi na wewe tukiwa hatupo. Mtu wa mbali ataifungua asome nani aliona."

Nyama nilishindwa kuimeza. Nikasema ni jino.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, tuliagana na Biliqo. Galgalo alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo hafanyi. Njiani Nkatha hakunyamaza. Usiku alikuwa amemwangalia yule mwenye mkanda kwa kioo chake cha kukuzia, akakuta ni wa aina ile ile ya bustani za mjini.

"Amefikaje huku?" alikuwa anauliza. "Ni mto umemleta? Ni watu? Kama ameweza kuishi Biliqo, basi tulivyofikiri juu ya nchi kavu hii yote si sawa. Nikifika Isiolo jioni nawaandikia wenzangu wa ramani. Watataka kuja."

Muthomi alikuwa anafurahia furaha ya mke wake. Mimi nilikuwa naangalia kopo miguuni. Nikamwuliza, nikijifanya ni mazungumzo tu, "Mwalimu, kwenye hizo hesabu zako za juu, ukiweka kosa dogo mwanzoni, si linapotea lenyewe njiani?"

"Wakati mwingine linapotea," akasema. "Lakini mimi nasoma mahali ambapo halipotei. Naweka kasoro ndogo, ndogo kuliko punje ya simsim. Mashine inazungusha. Kasoro inajilisha kwa kile kilichoizunguka, inaongezeka, ikiongezeka inajilisha zaidi. Mwisho anga lote limevurugika, na ukitafuta lilipoanzia huoni kitu, maana palikuwa padogo sana." Akacheka. "Wewe ulishasema, Akko. Maziwa kwenye moto."

Sikucheka.

Tulifika Gotu saa nne na nusu. Ekai akasimamisha gari injini ipoe, na mama mmoja alikuwa anauza chai kando ya daraja. Nkatha alinifungulia mlango anishike mkono. Sikushuka. Niliinua lile kopo nikamwekea mikononi.

"Hesabu," nikasema.

"Nihesabu nini?"

"Walikuwa kumi na wawili. Hesabu."

Alimwaga udongo juu ya boneti, akatafuta kwa kidole. Walikuwa tisa. Akahesabu tena. Aliponiangalia, nilijua ameelewa kabla sijafungua mdomo, lakini nilifungua. Nilisema yote, bonge, maji, na ile swala. Ekai, ambaye mdomo wake hauna breki, alitoka akaenda kusimama mbali na kikombe chake.

"Kwa nini?" Nkatha akauliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Niliona aibu. Uliita sufuri mara nne mbele ya ndugu yangu."

Alikaa kwenye kidato cha gari, karibu na miguu yangu. Akatoa simu, akafungua ile ramani, akaniwekea kidole pale peupe.

"Akko, peupe maana yake hakuna mtu aliyefika. Sufuri si peupe. Sufuri maana yake nimefika, nimechimba, nimeangalia, hakuna. Inapata kidoti chake kama hesabu nyingine zote. Ulikuwa umenipa vidoti vinne. Nilifuata sufuri hizo, ama nyungunyungu, chochote kilichopo." Akafunga simu. "Sasa hata hizo nne siwezi kuzitumia. Kopo lilikuwa kwako siku nzima na wewe ndiye uliyekuwa shahidi wangu."

Niliwaangalia wale tisa juu ya boneti.

"Ungeniambia tukifika Isiolo?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililompa tangu jana yake adhuhuri.

Muthomi akasema, "Turudi." Ekai alipoitwa alipima mafuta akasema yanatosha Biliqo na nyumbani, ila tusimpeleke juu kwa mwalimu. Hakuna aliyecheka sana. Nkatha akarudisha udongo na wale tisa koponi, akalifunga ndani ya mifuko miwili, akalifungia kwenye sanduku la zana, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Hakuniangalia alipofanya hivyo. Nilikuwa nimebeba kopo lile kwa kuaminiwa.

Alasiri tulifika Biliqo tena. Galgalo alitoka mbio akidhani tumepata ajali. Niliomba niseme mwenyewe. Nilisema mbele yake na mbele ya Roba na kila aliyekula mbuzi yule, kwanza kwa Kiborana, halafu kwa Kiswahili ili Nkatha asikie kwamba sikupunguza. Galgalo alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaingia ndani. Roba alinitazama.

"Dabo," akasema. "Wewe?"

Mtu aliyekuwa na utani wa kila kitu hakuupata wa hicho.

Walichimba mashimo mapya matano kando ya yale ya zamani. Mimi nilikaa mbali kwenye jiwe, mikono juu ya magoti, wazi, kila mtu aione. Hakuna aliyeniweka hapo. Niliwasikia wakivunja udongo, nikasikia maji ya haradali yakimiminwa, nikasikia kungoja. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Sufuri. La tano, kwenye kona ya mto, Nkatha aliongeza muda wa kungoja. Halafu akasema, "Sufuri." Safari hii nilisikia sauti yake vizuri. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepokea kitu.

Jua lilipokuwa linateremka Galgalo alitoka na birika. Akamimina chai nyeusi, ile ya strungi, akampa Nkatha wa kwanza. Akarudi ndani, akatoka na gorfa, akaifungua kifuniko, akaiweka mbele ya wageni. Ilikuwa tupu. Nikageuza uso. Katika miaka yangu yote sijaona mtu wa nyumba yetu akifanya hivyo.

"Maziwa ya jana yalikuwa ya Roba," akamwambia Nkatha kwa Kiswahili. "Niliazima niliposikia mnakuja. Mimi hapa sina wa kukamua tangu ng'ombe waende. Leo ni strungi."

Nkatha aliinua gorfa, akachungulia ndani, akanusa. "Ina harufu nzuri ya moshi," akasema.

"Kumbe dereva alinywa maziwa yangu mara mbili," Roba akasema.

"Mzee," Ekai akasema, "ningejua ni yako ningekunywa mara tatu."

Hapo watu wakacheka, hata Nkatha. Galgalo alinipa kikombe changu mwisho kabisa, bila kuniangalia. Nilipoonja, kilikuwa na sukari nyingi, kama ninavyopenda tangu utoto. Nililia kidogo ndani ya kikombe.

Kwenye karatasi mpya kuna mahali pa shahidi. Nkatha alishika penseli, akasita, halafu akamwuliza Roba jina lake lote. Roba akalitaja, na la baba yake, na la babu yake, akaandikwa. Ilikuwa haki. Ile lebo ya kwanza Nkatha aliitoa kwenye kichupa, akaikunja, akanipa.

Siku ya nne, adhuhuri, tulirudi Chechelesi, na ninyi mkaja kuniuliza.

Tangu siku hiyo Nkatha ananisalimia, anakaa kwenye mkeka wangu, anakunywa chai. Juzi alinionyesha ramani. Pale Biliqo pana kidoti, chenye rangi yake tofauti na vile vya minyoo. Nilikitazama muda mrefu. Kimekuja bila mimi. Hajaniomba niende naye tena safari yake ya mbele, na mimi sijamwuliza.

Nilichojifunza ni kidogo. Miaka yote nilijua kutotaja jina lisilokuwepo, nikadhani hiyo inatosha, kumbe sikujua kumwambia mgeni, "Hakuna." Wiki iliyopita walikuja watoto wa Guyo wa mtaani kwetu kuniuliza boma moja lilikuwa la nani zamani. Nikawaambia wakae kwanza niwape habari ya Biliqo, halafu waamue wenyewe kama bado wanataka kuniuliza. Mkubwa wao alisikiliza, akafikiri, akauliza. Mdogo alisimama akaenda zake. Sikumlaumu.

Nimewataja wote, Nkatha, Muthomi, Ekai, Galgalo, Roba. Hao ndio niliowadanganya, na sitasahau hata mmoja. Ile lebo nimeibandika hapa chini kwa gundi ya Mwalimu Rukia. Penseli haijafutika. Inasema Biliqo, shimo la tano, kona ya mto, watatu, shahidi Dabo Jillo. Mnajua kusoma sasa. Isomeni, na mjue si kweli.